Mama mwenye mimba na dawa za huzuni: historia inayopita pia Kolwezi

KOLWEZI – Karibu miaka mia moja sasa, mtoto anayezaliwa katika nchi ya shaba anawekwa kwenye mizani. Bibi walipelekwa na mama zao, na leo wajukuu wanabebwa mgongoni asubuhi na mapema kwenda kupimwa kilo katika vituo vya afya vya Manika na Dilala. Muuguzi anaandika kilo, chanjo na tarehe ya kurudi. Mama naye, kabla ya kuzaa, anapimwa tumbo, damu na presha. Swali moja tu halijapata nafasi ya kutosha: mama, moyo wako uko namna gani?

Swali hilo lisipoulizwa, mama anabaki peke yake na shida yake. Kuna anayetumia dawa za huzuni nzito tangu kabla ya kushika mimba. Jirani anamwambia zitaharibu mtoto, naye anazitupa siku ile ile. Kuna aliyekosa usingizi kwa miezi, akanunua vidonge kwa muuza dawa wa barabarani bila kujua ni vya nini. Na kuna anayezaa mtoto mwenye kilema, ukoo mzima ukamgeukia: alimeza nini huyu?

Wote watatu wanauliza jambo moja. Dawa za ugonjwa wa huzuni, ule ambao madaktari wa Congo wanauita depresio na Watanzania wanauita sonona, ni hatari kwa mtoto aliye tumboni au hapana? Jibu lake lina historia ya miaka karibu 70. Limepita Ulaya na Marekani, lakini pia Uganda, Kinshasa na Lubumbashi. Ukiifuata historia hiyo hatua kwa hatua, unaona kwamba watu waliogopa dawa, na walikuwa na sababu. Unaona pia kwamba kwa muda mrefu walisahau kuuogopa ugonjwa wenyewe.

Kampuni iliyopima watoto

Historia ya Kolwezi inaanza na mizani. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, kwanza iliajiri wanaume kwa miezi michache, kisha ikawarudisha kwao. Wengi walikufa kwa magonjwa, na kila mara kampuni ilipaswa kutafuta watu wapya. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadilisha siasa yake. Ikatoa mikataba ya miaka 3, ikahimiza mfanyakazi aje na mke wake, ikajenga kambi za familia.

Daktari Léopold Mottoulle ndiye aliyesimamia sana kazi hiyo. Kampuni ilijenga majumba ya kuzalia, ikaweka masista na wauguzi, ikatoa posho kwa mke na watoto, ikapanga siku za kupima watoto kilo. Mwaka 1946 Mottoulle alichapisha maelezo ya siasa hiyo na matokeo yake ya miaka 20. Vifo vya watoto katika kambi vilipungua sana, na jambo hilo ni la kweli, haifai kulikataa. Lakini nia ya kampuni ilikuwa wazi: ilitaka wafanyakazi wenye afya leo, na watoto watakaokuwa wafanyakazi kesho. Mama alihesabiwa kama njia ya kumpata mtoto. Kilo za mtoto ziliandikwa. Machozi ya mama hayakuwa na safu kwenye daftari.

Kolwezi ilikua ndani ya utaratibu huo tangu mwaka 1937. Baada ya uhuru, Gécamines ilirithi migodi, na pamoja nayo hospitali, shule na posho. Watu wa Katanga walisema kampuni ni baba na ni mama. Baba huyo alipodhoofika, familia zilibaki bila mlinzi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines katika mpango ulioitwa wa hiari. Wengi walipoteza kwa siku moja mshahara na pia haki ya kutibiwa bure hospitalini kwa kampuni.

Juu ya hayo kuna watu kuhama na kuhamishwa. Vita vya Kolwezi vya mwaka 1978 viliwakimbiza wengi. Mwaka 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Katanga, na maelfu ya watu walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingojea treni. Mwaka 2017 mamia ya familia za Kasulo zilihamishwa ili mtaa wao ufanywe mgodi wenye ukuta. Katika kila moja ya safari hizo walikuwamo akina mama wenye mimba. Mtu akiwaza ni mambo gani yanaweza kuuvunja moyo wa mama, hapa hana haja ya kuyatafuta mbali.

Dawa iliyopatikana bila kutafutwa

Wakati Union Minière inapima watoto, hakuna popote duniani palipokuwa na dawa ya depresio. Ya kwanza ilipatikana kwa bahati. Mwaka 1952, katika hospitali ya kifua kikuu ya Sea View mjini New York, wagonjwa walipewa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Ilikuwa dawa ya kifua kikuu, lakini madaktari walishangaa kuona wagonjwa waliokuwa wamekata tamaa wakianza kula, kucheka na kutembea.

Miaka michache baadaye, huko Münsterlingen nchini Uswisi, daktari Roland Kuhn aliwapa wagonjwa wake wenye huzuni nzito dawa iitwayo imipramini. Matokeo aliyatangaza mwaka 1957. Kutoka ukoo huo wa imipramini ikaja amitriptilini, ambayo hata leo inapatikana katika farmasi nyingi za Congo. Baadaye, kuanzia miaka ya 1980, ikaja fluoksetini na ndugu zake, sertralini na paroksetini, ambazo si hatari sana kama mtu akimeza nyingi kupita kipimo.

Mwanzoni hakuna aliyeuliza sana kuhusu mimba. Madaktari wengi waliamini kwamba kondo la nyuma ni kama ukuta unaomlinda mtoto na vitu vibaya. Imani hiyo ilikuja kubomoka kwa uchungu mkubwa.

Somo la thalidomidi

Oktoba 1957 kampuni ya Grünenthal ya Ujerumani Magharibi ilianza kuuza thalidomidi. Haikuwa dawa ya depresio. Ilikuwa dawa ya usingizi na ya kutuliza, na akina mama wengi waliitumia kwa kichefuchefu cha miezi ya kwanza ya mimba. Ilisifiwa kwamba haina hatari. Ubelgiji iliuzwa kwa jina la Softenon.

Kisha watoto wakaanza kuzaliwa wakiwa na mikono na miguu mifupi sana, au bila hiyo kabisa. Daktari Widukind Lenz wa Hamburg na daktari William McBride wa Australia, kila mmoja kwake, waliitambua dawa hiyo kuwa chanzo. Novemba 1961 iliondolewa sokoni Ujerumani. Watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na vilema hivyo, na wengi walikufa wakiwa wachanga. Marekani iliokoka kwa sehemu kubwa, kwa sababu daktari Frances Kelsey, mfanyakazi wa idara ya serikali inayosimamia dawa, alikataa kutoa ruhusa mpaka aone uthibitisho.

Toka siku hizo, dunia nzima inajua kwamba dawa inaweza kumfikia mtoto tumboni. Sheria za kupima dawa zikawa kali. Hofu ambayo mama wa Kolwezi anaisikia leo kutoka kwa jirani yake ni mtoto wa hofu ile. Ni hofu yenye sababu. Lakini ilizaa kosa jingine: watu wakaanza kufikiri kwamba kutokumeza kitu siku zote ni salama.

Maswali kumi yenye mizizi Uganda

Ili kujua kama kutokutibu ni salama, ilibidi kwanza mtu akubali kwamba mama mwenye mimba anaweza kuwa mgonjwa wa huzuni. Wakati wa ukoloni, waandishi wengi wa Ulaya walidai kwamba Mwafrika hapati depresio, eti ni ugonjwa wa wazungu na wasomi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 daktari Mwingereza John Cox alifanya kazi Uganda. Katika kituo cha afya cha Kasangati, karibu na Kampala, aliwachunguza akina mama waliokuja kliniki ya mimba. Uchunguzi wake juu ya wanawake 263 ulichapishwa mwaka 1979. Alikuta huzuni nzito na wasiwasi wa ugonjwa kwa wanawake wa kijijini, na alipowafuata baada ya kuzaa, kama mmoja kati ya 10 alikuwa na depresio. Aliporudi Scotland na kulinganisha, hesabu hazikuachana sana.

Cox alisikia pia Waganda wakizungumzia amakiro, ugonjwa wa akili unaompata mama baada ya kuzaa, ambao mara nyingi walisema unatokana na uzinzi wakati wa mimba. Kwa hiyo mgonjwa alikuwa na mizigo miwili: ugonjwa wenyewe, na lawama.

Mwaka 1987 Cox na wenzake wawili, Jeni Holden na Ruth Sagovsky, walitoa orodha ya maswali 10 inayojulikana kwa jina la mji wa Edinburgh. Inamwuliza mama kuhusu siku 7 zilizopita: kama ameweza kucheka, kama anajilaumu bila sababu, kama halali kwa sababu ya huzuni. Swali la mwisho linauliza kama amewaza kujidhuru. Leo maswali hayo yanatumika katika lugha nyingi duniani, na sehemu ya mizizi yake iko Kasangati.

Congo nayo ina sehemu yake. Mwaka 2008 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya Kinshasa na akina mama waliozaa karibuni. Badala ya kuleta jina la ugonjwa kutoka Ulaya, waliwauliza wakaaji wenyewe wanauitaje. Jibu lilikuwa la Kilingala: maladi ya souci, ugonjwa wa wasiwasi na mawazo. Walipolinganisha dalili, zilifanana sana na depresio ya vitabu vya daktari. Kolwezi watu wanasema mama fulani ana mawazo mingi. Ni ugonjwa ule ule, unaokaa nyumba moja na umaskini, ugomvi na msiba, lakini unaoweza kutibiwa.

Hesabu ya dawa

Baada ya hapo ndipo sayansi ilianza kupima pande zote mbili.

Upande wa dawa, kengele ya kwanza kubwa ililia mwaka 2005. Idara ya dawa ya Marekani ilionya kwamba paroksetini, ikitumiwa miezi 3 ya kwanza, inaweza kuongeza kasoro za moyo kwa mtoto. Katika watoto 100 wa kawaida, mmoja hivi anazaliwa na kasoro ya moyo. Tafiti za kwanza zilionyesha kwa paroksetini kati ya mmoja na nusu na wawili kwa 100. Habari hiyo ilienea haraka, na akina mama wengi walisikia neno moja tu: hatari.

Mwaka 2014 ukatoka utafiti mkubwa zaidi wa Marekani, uliofuata mimba 949,504. Wanawake zaidi ya 64,000 kati yao walitumia dawa za depresio miezi ya kwanza. Watafiti walipowalinganisha wanawake waliofanana kwa ugonjwa na kwa maisha, hawakukuta ongezeko kubwa la kasoro za moyo. Sehemu ya hatari iliyoonekana zamani haikutoka kwenye kidonge. Ilitoka kwenye ugonjwa wenyewe na mambo yanayofuatana nao: kutokula vizuri, tumbaku, pombe, kukosa kliniki.

Mwishoni mwa mimba kuna mambo mengine mawili. Kuna shida ya mapafu ambayo ni adimu: kawaida inawapata watoto 2 hivi kati ya 1,000, na mama akitumia dawa hizi mwishoni, karibu 3 kati ya 1,000. Halafu kuna watoto, kama 3 kati ya 10, wanaozaliwa wakitetemeka, wakilia sana au wakinyonya vibaya kwa siku chache. Kwa kawaida hali hiyo inaisha yenyewe, lakini inafaa mkunga ajue mapema ili amwangalie mtoto. Ndiyo sababu mama asifiche dawa anayotumia siku ya kujifungua.

Upande wa ugonjwa, mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa wanawake Wamarekani waliokuwa na historia ndefu ya depresio na walikuwa wanaendelea vizuri kwa dawa. Walioacha dawa kwa sababu ya mimba, 68 kati ya 100 walirudiwa na ugonjwa. Walioendelea, 26 kati ya 100. Hawa walikuwa wagonjwa wa hali ya juu, na tafiti nyingine hazikukuta tofauti kubwa hivyo kwa wenye ugonjwa mwepesi. Lakini kwa mwenye ugonjwa mzito, kuacha si jambo dogo. Depresio isiyotibiwa inaambatana na watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao na wenye kilo ndogo. Na Uingereza, ambako kila kifo cha mama kinachunguzwa, kujiua kumekuwa miongoni mwa sababu za kwanza za vifo vya mama katika mwaka mmoja baada ya kuzaa.

Kwa hiyo mama anayeuliza kama dawa ni salama anahitaji jibu la sehemu mbili. Dawa nyingi za depresio zina hatari ndogo, na hatari hiyo inajulikana. Depresio nzito ina hatari pia, kwa mama na kwa mtoto. Kinachopimwa ni ipi kati ya hizo mbili ni kubwa kwa mama huyu, katika mimba hii.

Dawa ambayo hofu yake ni ya haki

Hesabu hiyo haihusu kila kidonge kinachoitwa dawa ya kichwa. Valproati, inayojulikana Ufaransa na Congo kwa jina la Dépakine, ni dawa ya kifafa, na inatumika pia kwa ugonjwa wa akili unaompandisha na kumshusha mtu. Kati ya watoto 100 walioipata tumboni, karibu 10 wanazaliwa na kilema kikubwa, kikiwemo cha uti wa mgongo. Kwa kawaida, bila dawa yoyote, ni 3 hivi kati ya 100. Wengine wanachelewa kusema na kujifunza. Ufaransa jambo hilo limefika mahakamani. Mwanamke anayeitumia na anayeweza kushika mimba anapaswa kumwona daktari kabla ya mimba, si baada. Lakini hata yeye asiiache ghafla, maana kifafa kinachorudi kwa nguvu kinaweza kumwua pamoja na mtoto.

Kuna pia dawa za kutuliza kama diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium. Hiyo haitibu depresio. Inaleta usingizi, inazoeza mwili, na ikitumiwa sana mwisho wa mimba mtoto anaweza kuzaliwa mlegevu na mwenye pumzi dhaifu. Mama anayenunua kidonge cha kulala sokoni mara nyingi anapata hiyo, akidhani ni dawa ya mawazo.

Kilema, lawama na vumbi

Katika jimbo la Lualaba na Haut-Katanga, mtoto akizaliwa na kilema, kidole kinamwelekea mama kwanza: alimeza dawa, alikula mwiko, au ni uchawi. Lakini utafiti uliofanyika Lubumbashi kwenyewe unaonyesha njia nyingine.

Kati ya mwaka 2013 na 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na vilema vya kuonekana na watoto 108 wasio navyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2020. Jambo lililojitokeza zaidi lilikuwa kazi ya baba. Baba akiwa na kazi inayohusu migodi, hatari ya kilema ilikuwa kama mara 5 na nusu. Watoto waliochunguzwa si wengi, kwa hiyo hesabu hiyo inaweza kuwa ndogo zaidi au kubwa zaidi, na haifungi mjadala. Lakini inatosha kumwambia mtu asimhukumu mama kwa kidonge wakati vumbi la mgodi linaingia nyumbani kila jioni na nguo za kazi. Nguo hizo zivuliwe nje, zifuliwe peke yake, na baba anawe kabla ya kumgusa mama mwenye mimba. Hilo ni jambo la baba, na halina gharama kubwa.

Mazungumzo nayo ni matibabu

Historia ina habari nyingine nzuri kwa mji usio na madaktari wengi wa akili. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti uliofanyika vijijini Pakistan, juu ya wanawake 903 waliokuwa na depresio wakati wa mimba. Nusu yao walitembelewa nyumbani na wahudumu wa afya wa kijiji, wanawake wasio madaktari, waliofundishwa namna ya kumsikiliza mama, kumsaidia kubadili mawazo yanayomvunja, na kuiingiza familia katika kumsaidia. Miezi 6 baada ya kuzaa, 23 kati ya 100 walikuwa bado wagonjwa. Upande wa waliotembelewa bila mafunzo hayo, walikuwa 53 kati ya 100. Bila kidonge hata kimoja.

Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa vituo visivyo na daktari wa akili, linasema mama mwenye mimba aanze na msaada wa mazungumzo na wa familia. Ikishindikana, dawa itolewe kwa kipimo kidogo kinachotosha, na mtaalamu aulizwe. Amitriptilini na fluoksetini zote ziko kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa za lazima. Kwa anayenyonyesha, mwongozo unashauri kuepuka zile zinazokaa mwilini muda mrefu, kama fluoksetini. Sertralini inapita kidogo sana kwenye maziwa.

Wahudumu wa kijamii, wanaoitwa reko, wanapita kila mtaa wa Kolwezi kwa malaria, chanjo na kipindupindu. Kazi ya Pakistan ilifanywa na watu wa namna hiyo hiyo.

Kwa mama, na kwa familia iliyohama

Mama anayetumia dawa za depresio na akajikuta na mimba asiziache kwa siku moja. Kuacha ghafla kunaleta kizunguzungu, kukosa usingizi na wasiwasi mkali, na ugonjwa unaweza kurudi. Aende na boksi la dawa kliniki ya mimba au kwa daktari, aseme anatumia nini, kiasi gani na tangu lini. Daktari anaweza kuacha dawa ile ile, kuipunguza polepole, au kuibadilisha. Asiye na dawa naye asianze mwenyewe kwa kuambiwa na rafiki, wala asipokee vidonge visivyo na jina.

Kwa waliohamishwa au waliokimbia, boksi tupu au karatasi ya daktari ina thamani kama kitambulisho. Ikiwekwa pamoja na kadi ya kliniki, muuguzi wa mahali papya atajua wapi pa kuanzia. Kesi ikiwa nzito, hospitali kuu ya Mwangeji inaweza kuelekeza, na Lubumbashi, kama kilometa 300 kutoka Kolwezi, kuna kituo cha akili cha Dr Joseph Guislain kinachoendeshwa na Frères de la Charité.

Mume, mama mkwe na shangazi wana dalili za kuangalia: mama haongei, hali, halali hata mtoto akilala, anajiita mzigo, hataki kumgusa mtoto. Akisema anataka kufa, au anasikia sauti zinazomwambia amdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata dakika moja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata usiku. Huo ni ugonjwa, na si aibu ya ukoo.

Na siku ya kupima kilo, wakati mtoto anashushwa kwenye mizani na muuguzi anaandika namba yake, dakika moja inatosha kumwuliza mama amelala namna gani wiki hii, na kungojea ajibu.